Hiyo @ iondoe kabla fomu haijaenda hewani

Mkuu, acha kabisa. Hiyo alama ya @ (inayonyamazisha makosa) uliyoshauriwa kuweka mbele ya kila $_POST (data iliyotumwa na fomu) ili maonyo ya "Undefined array key", yaani kisanduku ulichokitaja hakikuja, yapotee baada ya kuhamia toleo la 8 la PHP, lugha inayoendesha fomu yako kwenye seva, ifute leo. Onyo hilo (warning) halijakuonea. Zamani ilikuwa notisi tu, toleo la 8.0 la mwaka 2020 ndilo lililoipandisha cheo.

Kuna fundi mmoja hapa Arusha alinifundisha hivyo hivyo. "Mteja hataki kuona makelele, weka @ halafu mpe thamani ya akiba." Nikaandika mstari huu kwenye fomu ya kampuni moja inayopandisha wageni Kilimanjaro:

$tarehe = @$_POST['tarehe'] ?: date('Y-m-d');

Yaani tarehe isipokuja, weka ya leo. Kimya, safi. Kisha akaja dizaina kupendezesha fomu, akabadilisha jina la kisanduku kutoka tarehe kuwa tarehe_kuanza. Hakuniambia, na aniambie nini wakati kila kitu kinafanya kazi? Mgeni anajaza, anapata "Asante", ofisi inapata oda. Ila kila oda iliingia na tarehe ya siku iliyotumwa, na kesho yake mfumo uliihesabu kuwa safari iliyokwisha, ukaitoa kwenye orodha ya zinazokuja.

Tulikuja kujua wageni wawili waliposhuka Moshi, buti miguuni, barua pepe waliyoiprinti mkononi, wanauliza gari la geti la Machame liko wapi. Dada wa mapokezi anafungua mfumo: safari yao "imekamilika" tangu Machi. Wameshuka mlima kabla ya kuupanda, rekodi ya dunia hiyo! Sasa tafuta kiongozi, mpishi na wagumu (wabeba mizigo) asubuhi ile ile, mwezi wa Agosti, wakati kila mgumu wa maana yuko mlimani. Walipatikana kwa bei ya kulanguliwa, tofauti ikakatwa kwenye hela yangu. Kisha ikabidi wageni wengine wote waandikiwe: samahani, hivi mlisema mnakuja lini? Kwenye logi, faili ambamo seva huandika makosa, hakuna kitu, maana @ inazima hadi huko. Nilipompigia yule fundi akanijibu, "Si ungetest." Aisee.

Kwa hiyo shika hili: kisichokuja usikibuni, kikatae. Tarehe haipo au haisomeki, usihifadhi chochote. Rudisha fomu ikiwa na yale aliyokwisha kujaza, na kando ya kisanduku chenyewe andika "Chagua tarehe ya kuanza kupanda." Ukimfutia mtu namba ya pasipoti aanze upya kwenye simu, anahamia kwa jirani. Alama ya ?? (inayoweka thamani ya akiba kitu kisipokuwepo) tumia, ila iishie kwenye '', yaani tupu, kisha ukague. Isiishie kwenye date(), wala kwenye 1 kwa idadi ya wageni. Na required ya HTML, ile inayolazimisha kisanduku kijazwe, ni ya brauza, seva haina habari nayo. Halafu strtotime, kazi ya PHP ya kusoma tarehe, nayo ina vituko: 07/08/2025 inaisoma Kimarekani, Julai tarehe 8, na isichokielewa inarudisha false, ukiipitisha kwenye date() unapata 1970. Pokea Y-m-d (mwaka-mwezi-siku), itenganishe, pitisha kwenye checkdate, inayokagua kama tarehe hiyo ipo kweli.

Kwenye seva ya kweli display_errors (kuonyesha makosa kwenye ukurasa) izime, log_errors (kuyaandika kwenye logi) iwashe, na hiyo logi uisome.

Uliuliza pia rangi ya meseji za makosa. Weka hata zambarau. Bandika kwanza hapa mistari ya tarehe na idadi ya wageni tuione.