Dada, usikubali binti aingie 3.80

Mita 3.80? Hapana, dada yangu, hapana kabisa. Rekodi ya binti yako katika kuruka kwa upondo ni 4.00, anakwenda mashindano ya vijana ya Ulaya kwa mara ya kwanza, na kocha anataka apishe urefu wote wa mwanzo, yaani asiuruke kabisa, aingie kwa kuanzia 3.80 "ili asichoke"? Nimesoma ujumbe wako mara mbili na mikono inanitetemeka. Hilo la kusafirisha pondo kwa ndege tuliache kwa leo, hili kwanza. Pondo zikifika salama na binti akaandikiwa NM, herufi wanazomwekea asiyevuka urefu wowote, safari yote imekwenda bure.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi. Binti yangu alianza kuruka kwa upondo kwenye klabu ya mtaani kwetu hapa Ujerumani, akafikia 4.05, akachaguliwa. Wiki chache kabla ya safari akaja kocha mgeni pale klabuni, mtu wa sifa nyingi, kila sentensi ina jina la bingwa fulani aliyewahi kumfundisha. Akasema mtoto mwenye 4.05 kuanza chini ni kujidharau, na kwamba kila mruko wa chini unakula mguu. Aingie 3.85. Kocha wetu wa kila siku, mama mmoja mtaratibu, alisema 3.55 na akaishia hapo. Mimi nikaenda na mwenye sauti kubwa.

Sikiliza sasa kilichotokea siku ya mchujo, maana hapa ndipo wengi hawapaoni. Kundi lina wasichana zaidi ya kumi na wawili. Kila mmoja anapewa dakika moja kwa jaribio, na ana majaribio matatu katika kila urefu. Piga hesabu mwenyewe: urefu mmoja unaweza kula dakika ishirini, na ukipisha mitatu, umekaa saa nzima kwenye benchi. Mtoto alipasha mwili vizuri, akaruka mazoezi vizuri, kisha akavaa koti akakaa. Kukaanza manyunyu. Upepo uliokuwa mgongoni wakati wa mazoezi ukageuka ukawa unampiga usoni. Wenzake walishazoea upepo huo, walishamwambia mwamuzi asogeze nguzo zinazoshika ufito, ile fimbo ya kuvukwa, walishabadilisha pondo. Yeye alikuwa bado na picha ya uwanja wa saa moja iliyopita.

Akaitwa kwenye 3.85. Kwa kuwa ni juu, akachukua upondo mgumu, ule wa siku nzuri. Miguu baridi, mbio zikapungua kasi hatua za mwisho, upondo ukakunjika kidogo ukamrudisha alikotoka, akaangukia kwenye njia ya kukimbilia badala ya godoro. Jaribio la pili akachukua laini. Huo ukamtupa haraka mno, magoti yakaugonga ufito akiwa bado anapanda. La tatu, dada, hakuruka kabisa. Alikimbia, akafika kwenye kisanduku cha kuchomekea upondo, akapita moja kwa moja hadi kwenye godoro na upondo mkononi. Hofu ya lile anguko la kwanza ilikuwa imeshamwingia. Kwenye karatasi: mistari mitatu ya kupisha, X tatu za kukosa, basi. Na wapo waliofuzu fainali kwa 3.75, urefu ambao binti yangu alikuwa akiuvuka mazoezini akiwa amechoka.

Na yule kocha? Jioni ile alisema mtoto "hakuwa tayari kiakili". Mtoto wa miaka kumi na sita! Umemkalisha kwenye mvua saa nzima, umempa upondo mgumu kwenye mruko wake wa kwanza wa siku, halafu tatizo ni akili yake? Mtu yule angepewa duka la soda, angelifungua saa kumi jioni ili soda zisiishe. Hajawahi kuomba radhi, na nasikia bado anazunguka klabuni kwa watu akitoa ushauri uleule. Kwa hiyo nikiona "ili asichoke" imeandikwa mahali, sinyamazi.

Najua atakachokuambia kocha wako, maana nami niliambiwa: makosa yanahesabiwa, kwa hiyo usiruke urefu usio na faida. Kweli, yanahesabiwa. Wawili wakilingana, waamuzi hutazama kwanza makosa kwenye urefu wa mwisho waliouvuka, halafu makosa yote tangu mwanzo hadi hapo. London 2012 Jenn Suhr na Yarisley Silva walivuka wote 4.75, na hesabu hiyo ndiyo iliyompa Suhr dhahabu. Rio 2016 ikawa hivyohivyo kwenye 4.85, Ekaterini Stefanidi akachukua dhahabu na Sandi Morris fedha. Lakini tazama ni akina nani hao: watu ambao tayari wamevuka, wanagawana medali. Hesabu ya makosa haina la kumfanyia mwenye NM.

Na kama anadhani kupisha ni kwa wakubwa, mkumbushe Berlin 2009. Yelena Isinbayeva, bingwa wa Olimpiki mara mbili, mwenye rekodi ya dunia ya 5.05, aliupisha urefu wote wa mwanzo kwenye fainali ya ubingwa wa dunia akaingia 4.75. Akakosa. Majaribio mawili yaliyobaki akayapeleka 4.80, akakosa yote. NM. Anna Rogowska wa Poland akachukua dhahabu kwa 4.75, na fedha wakagawana wawili kwa 4.65. Nne sitini na tano! Na usiseme alikuwa ameisha, kwa sababu siku kumi na moja baadaye, Zürich, alivuka 5.06, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo. Uwezo alikuwa nao tele, ila siku ile hakuwa na mruko wa chini wa kumshikilia.

Sasa mtazame Katie Nageotte, ambaye siku hizi anaitwa Katie Moon, kwenye fainali ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Mwezi Juni alikuwa ameruka 4.95. Kwenye fainali aliingia 4.50, urefu wa kwanza kabisa, na akakosa mara mbili. Alibakiwa na jaribio moja la kuokoa safari nzima. Akavuka la tatu, akaendelea hadi 4.90 na dhahabu. Aliingia sentimita 45 chini ya ubora wake, na bado alitetemeka. Isinbayeva wa Berlin aliingia 30 chini. Binti yako anaambiwa aingie 20 chini, ugenini, mara yake ya kwanza. Ukiwa na sentimita 45, mwili unaweza kukosea kidogo na ufito ukabaki juu. Kwa 20, kila kitu lazima kiende sawa kwenye mruko wa kwanza wa siku, na mruko wa kwanza wa siku hauendi sawa karibu kamwe.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na sina nyingine: aingie kwa urefu anaouvuka siku mbaya, kwa upondo anaoukunja akiwa amechoka. Fungua daftari lake la mazoezi, tafuta siku ya mvua, siku ya mafua, siku aliyogombana na rafiki yake. Alivuka ngapi siku hiyo? Hapo ndipo pa kuingilia. Kwa mwenye 4.00 nadhani utakuta 3.50 au 3.55. Akishaandikiwa O ya kwanza, alama ya kuvuka, apishe anavyotaka. Kupisha baada ya kuvuka ni mbinu, kwa sababu jina lake tayari lina matokeo. Wakati wa kusubiri asikae: avue koti, akimbie mbio fupi fupi pembeni, na kila anayerudi kutoka kwenye godoro amtazame nguzo zake zimewekwa sentimita ngapi, maana zinasogezwa kuelekea godoro kutoka sifuri hadi 80 na upepo ukigeuka utaona wote wanazisogeza.

Urefu wa kuingia atautaja mwenyewe kwa mwamuzi pale uwanjani kabla hawajaanza, na kocha atakuwa nyuma ya uzio. Kwa hiyo zungumza na binti usiku wa leo, wewe na yeye tu, na akiulizwa aseme 3.50.