Stelingi wa sizoni kunyimwa muvi: niliyoyaona kibandani kwangu kuhusu Flash

Wakuu, salaam.

Mleta mada kauliza swali fupi: Grant Gustin, aliyecheza Flash (yule shujaa anayekimbia kasi kuliko wote) kwenye televisheni miaka tisa, alistahili kupewa na ile filamu ya The Flash ya 2023 badala ya Ezra Miller? Ukurasa wa pili huu watu wanatupiana maneno. Huyu anasema "alidhulumiwa", yule anasema "televisheni ni televisheni, sinema ni sinema". Mimi nina langu, ila ni refu. Mwenye haraka apite.

Kuanzia 2015 hadi 2020 nilikuwa na kibanda Mbagala cha kuwekea watu muvi. Kompyuta moja, spika mbili zilizochoka, feni, na benchi la wateja. Mtu anakuja na flashi yake, anachagua, namjazia. Muvi moja shilingi 500, sizoni nzima tunaelewana. Najua haikuwa biashara halali, na sijaja hapa kuitetea. Ninachosema ni kwamba nilikaa pale miaka mitano nikisikia watu wanaomba nini, na kesho yake wanarudi wakilalamikia nini.

Flash ilianza kurushwa Marekani tarehe 7 Oktoba 2014. Kwangu ilipata wateja wa aina mbili: vijana wa bodaboda, na mama mmoja aliyekuwa anapika chapati hatua kumi kutoka mlangoni kwangu. Mama huyu alikuwa anaifuata kwa matoleo yaliyotafsiriwa, yale ambayo jamaa mmoja anasimulia juu ya picha na kuigiza sauti zote peke yake: stelingi, adui, mchumba wa stelingi, hadi mlango ukibamizwa. Kwa hiyo sauti ya Gustin hajawahi kuisikia hata siku moja. Alichokuwa nacho ni uso tu, ule uso wa kijana ambaye machozi yako karibu lakini anajikaza. Wala hakumwita Flash, au Barry, jina la Flash akiwa nyumbani bila magwanda. Alikuwa anachungulia dirishani asubuhi: "Mwanangu, yule mtoto asiye na mama kaendelea?"

Kwa ambao hamkuiona: mama yake Barry anauawa Barry akiwa mdogo, baba anafungwa kwa kosa ambalo si lake. Sizoni ya kwanza yote, episodi 23, inasogea kuelekea usiku ule. Episodi ya mwisho Barry anakimbia kurudi nyuma ya wakati mpaka ndani ya nyumba yao, usiku uleule, akiwa na uwezo wa kumwokoa. Anajibanza nyuma ya mlango. Pale sebuleni anamwona mwenzake, yaani yeye mwenyewe aliyetoka miaka ya mbele, anapigana na adui. Yule wa mbele anageuka, anamwona, anampa ishara ya mkono: usifanye. Na yeye anabaki nyuma ya mlango mama yake anauawa. Adui akishaondoka ndipo anaingia, anavua barakoa, anamwambia mama yake mimi ndiye mwanao, mimi na baba tuko salama. Mama anamfia mikononi.

Siku ile mama wa chapati aliiangalia kwenye kompyuta yangu kasimama, mikono imejaa unga, kwa sababu hakuweza kungoja mpaka usiku. Hakusema neno. Sote wawili tulishtuliwa na harufu ya chapati inayoungua.

Huyo ndiye "Flash" tunayemzungumzia. Sasa twende 2017.

Ilipotoka Justice League, filamu ya mashujaa kadhaa ambamo Flash ni Miller, dereva mmoja wa boda, mteja wangu wa siku zote, alikuja asubuhi kavimba. Anataka 500 yake. Kisa? Nimemwekea Flash feki. Nikamweleza kwamba wale wa sinema wana ulimwengu wao na wale wa televisheni wana wao, kila upande una Barry wake. Akanisikiliza vizuri kabisa, kisha akauliza: "Kwa hiyo yule wetu anajua kama kuna mwingine?"

Sikuwa na jibu. Nikamrudishia hela, na tangu siku ile kwenye kompyuta nikatenga mafolda mawili, FLASH WETU na FLASH WA SINEMA, ili nisigombane tena na mtu.

Mpaka hapo mngenihesabu upande wa "alidhulumiwa". Lakini baadaye nilikaa nikapanga tarehe, zikanipunguzia hasira. Warner, kampuni yenye filamu hizo, walimtangaza Miller tarehe 15 Oktoba 2014, siku nane baada ya episodi ya kwanza ya Gustin. Walimtaja ndani ya orodha ndefu ya filamu zao za miaka iliyokuwa inakuja, na ya Flash ilipangwa kutoka 2018. Maana yake hakuna mtu aliyemwangalia Gustin sizoni tatu halafu akasema huyu hafai. Alikuwa bado hajajulikana anafaa au hafai! Muda wa tangazo ulikuwa wa kukosa adabu, hilo nakubali, na Stephen Amell, stelingi wa Arrow, sizoni ndugu ya Flash, alilisema hadharani. Ila kukosa adabu ni kosa moja na dhuluma ni kosa lingine.

Halafu kuna jambo ambalo humu sijaona mtu kaligusa, la ratiba. Sizoni ya televisheni ya namna ile ni episodi 22 au 23, zinapigwa Vancouver, Kanada, kuanzia katikati ya mwaka mpaka karibu Aprili ya mwaka unaofuata. Stelingi yuko karibu kila sini. Ukimtoa miezi kadhaa akacheze filamu kubwa, sizoni inasimama, na wale mamia ya mafundi wa taa, nguo na kamera wanakaa nyumbani. Wanaosema "wangempa tu" wajiulize kama wangekubali kukosa sizoni ya tatu ili wapate zile dakika chache alizonazo Flash katika Justice League. Mimi nisingekubali. Mama wa chapati angenivunjia dirisha.

Na Miller hakuokotwa barabarani. Alikuwa ameshaonyesha uwezo kwenye filamu ngumu kabla ya hapo. Yale matatizo yake ya 2022, kukamatwa Hawaii na mengine, kisha kuomba radhi na kusema anatibiwa, watu wengi humu wanayatumia kama ushahidi kwamba Gustin angepewa nafasi. Filamu ilikuwa imeshapigwa 2021, wakuu. Na Miller mle ndani anacheza Barry wawili. Kumtoa ilikuwa ni kuipiga upya karibu yote.

Basi 2023 ikafika, nikaenda kuiangalia ukumbini kwa hela yangu. Siku ya kazi, usiku, tulikuwa tisa. Na nitasema kitu ambacho wenzangu wa FLASH WETU hawatakipenda: Miller ana sini moja pale ambayo ni nzuri kweli. Kwenye filamu, mama anauawa kwa sababu alisahau kopo la nyanya dukani, baba akalifuata, mama akabaki peke yake. Barry anarudi nyuma ya wakati anatumbukiza kopo kwenye kitoroli cha mama yake, basi. Kopo moja, na dunia nzima inaharibika. Mwisho inabidi arudi tena dukani akalitoe. Mama yake yuko palepale, anamwona kijana asiyemfahamu ana machozi, anamhurumia kama mama yeyote angemhurumia mtoto wa mwenzake. Kijana anaaga bila kusema anaaga. Nilikaza shingo ili jirani yangu asinione.

Nikajiuliza kwa nini basi wengine ukumbini wametulia tu, mmoja anachezea simu. Jibu nililipata wiki chache baadaye. Mama wa chapati bado yuko palepale, biashara imekua, ana na meza mbili. Filamu ilipopatikana nikampelekea kwenye simu, nikamwonyesha sini ya dukani peke yake, nikimtafsiria mwenyewe. Akaiangalia mpaka mwisho. Akasema, "Huyu naye anajua kulia. Ila mimi simjui."

Mle ndimo ilimo tofauti, na haihusu kipaji. Gustin alipofika nyuma ya ule mlango alikuwa ameshakaa nyumbani kwetu episodi 22. Tulijua anakula nini na anampenda nani. Miller alifika dukani akiwa na vipande vya filamu za watu wengine, halafu akatakiwa kutuuzia msiba uleule ambao wenzake walishautuuzia 2015, na wakaurudia sizoni ya pili na ya tatu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kama filamu inaendeleza kisa kilekile cha sizoni, mpeni stelingi wa sizoni, hakuna mjadala. Kama inaanza kisa kipya, chukueni mnayemtaka na mtuache tumzoee taratibu. Filamu waliyoitangaza 2014 ilikuwa kisa kipya, hivyo Gustin hakuibiwa kitu. Ila walichokitoa 2023 hakikuwa kipya tena! Ni filamu ya malimwengu kugongana. Wamemleta Michael Keaton, Batman wa 1989. Wameonyesha sura za Christopher Reeve na George Reeves, Superman wa zamani, ambao wote ni marehemu. Wamemweka hata Nicolas Cage kama Superman wa filamu ambayo haikuwahi kutengenezwa. Na Gustin, ambaye sizoni yake ya tisa iliisha tarehe 24 Mei, siku 23 tu kabla filamu haijatoka, hayumo. Umealika ukoo mzima harusini, waliokufa umewatundikia picha ukutani, halafu ndugu yako wa nyumba ya pili hujampa hata kadi. Hapo ndipo ninaposema walimkosea, na walitukosea sisi.

Tena televisheni ndiyo iliyoonyesha uungwana kwanza. John Wesley Shipp alikuwa Flash wa sizoni moja iliyokatizwa mwaka 1991. Walipoianza upya 2014 wakamwita, wakampa acheze baba yake Barry. Na Januari 2020, kwenye ule mgongano mkubwa wa Crisis, episodi zilizounganisha sizoni kadhaa za mashujaa, Miller mwenyewe alitokea ghafla kwenye sizoni: Barry wawili uso kwa uso, wanashangaana, wanakaguana magwanda, kama dakika moja hivi. Nilikikata kile kipande nikamtumia yule dereva wa boda WhatsApp. Nikaandika: "Yule wetu ameshajua." Alinipigia simu anacheka hawezi kuongea.

Kuna mkuu hapo juu kasema uso wa televisheni ukipelekwa sinema lazima hela iingie. Taratibu. Flash ya Miller ilikusanya takribani dola milioni 270 duniani kote, kwa bajeti iliyotajwa kufika dola milioni 200, na matangazo hayamo humo. Hiyo ni hasara, sawa. Lakini mwaka huohuo filamu ya The Marvels, ya kampuni ya Marvel, ilimchukua Iman Vellani moja kwa moja kutoka kwenye sizoni yake ya Ms. Marvel, akawa mtu mwenye raha kuliko wote mle ndani, na bado filamu iliishia karibu dola milioni 206, ya chini kuliko zote za Marvel za mfululizo ule. Mtu ambaye hajaona sizoni anahisi kapewa mtihani wa somo asilolisoma. Nilikuwa naliona kibandani kila wiki: "Mpaka niangalie sizoni ndiyo nielewe? Basi niwekee nyingine."

Mfano wa kufanywa vizuri ni Charlie Cox. Sizoni yake ya Daredevil, shujaa ambaye ni wakili kipofu, ilikatizwa 2018, wengi tukajua ameshazikwa. Desemba 2021 akatokea kwenye Spider-Man, wakili kipofu kakaa mezani, tofali linarushwa dirishani, analidaka kwa mkono mmoja bila hata kugeuka. Hawakumpa filamu nzima. Walimpa tofali, na ukumbi niliokuwamo ulipiga kelele kama goli la dakika ya tisini. Gustin naye lingemtosha tofali lake.

Aliyeuliza kama Tyler Hoechlin, Superman wa televisheni, naye alidhulumiwa kwa kunyimwa filamu ya Superman ya 2025: kisa kipya, uso mpya, sina kinyongo. Superman & Lois iliisha vizuri 2024 na ipo, itafuteni.

Na tafadhali msinitumie PM kuomba folda. Kibanda nilikifunga, na ile kompyuta nilimuuzia fundi simu.