Unaanza kusoma fedha na uwekezaji wa majengo? Anza na mkataba wa pango

Kila muhula wa kwanza ukikaribia, wadogo zangu waliochaguliwa kusoma kozi hii huniuliza yaleyale. Hesabu ni ngumu? Nijifunze Excel kabla chuo hakijafunguliwa? Jibu langu ni fupi. Ukiiweza asilimia, ukajua kutafuta thamani ya leo ya pesa ya kesho, na ukawa na subira ya kuhakiki jumla zako, hesabu zenyewe hazitakushinda. Excel utaijua tu, utake usitake. Linalowapa shida wengi ni swali ambalo hakuna fomula inayolijibu: hii namba niliyoijaza hapa imetoka wapi?

Mimi nipo upande wa wakopeshaji. Naletewa makadirio ya wawekezaji, na kazi yangu ni kuyatilia shaka. Makadirio karibu yote yamepangwa vizuri, yana rangi na grafu, na hesabu zake zinajumlishika. Dosari, ikiwepo, huwa imejificha kwenye mkataba wa pango ambao aliyetengeneza jedwali hakuusoma mpaka mwisho.

Kwa hiyo tafuta mikataba halisi uisome mapema, hata kabla ya mhadhiri kuifikia. Angalia nani analipia matengenezo ya paa na lifti. Angalia kodi inapandishwa lini na kwa kigezo gani, na kama mpangaji anaruhusiwa kuvunja mkataba kabla ya muda wake. Angalia pia miezi ya bure. Tuseme mpangaji kasaini miaka mitano kwa kodi ya 100 kwa mwezi, na miezi sita ya mwanzo halipi. Kwenye jedwali utaona 100. Kwa kweli atalipa miezi 54 kati ya 60, yaani wastani wa 90. Mwenye jengo hupenda kutoa miezi ya bure kuliko kushusha kodi, kwa sababu ile 100 inabaki kwenye karatasi, na karatasi ndiyo anayoonyeshwa mnunuzi.

Ukishayapata mapato, utafundishwa kuyageuza kuwa thamani. Njia ya haraka ni kuchukua mapato halisi ya mwaka, baada ya gharama za uendeshaji na kabla ya mkopo, ukayagawa kwa kiwango cha mtaji, yaani asilimia ya bei ambayo wanunuzi wanataka jengo liwaingizie kwa mwaka. Mapato ya 100 kwa kiwango cha asilimia 8 yanatoa jengo la 1,250. Kiwango kikipanda hadi asilimia 9, jengo lilelile, wapangaji walewale, linakuwa na thamani ya 1,111. Hapo jaribu kuweka mkopo. Kama ulikopa 750 na kutoa 500 mfukoni mwako, mkopo bado ni 750, kwa hiyo chako kimebaki 361. Jengo limeshuka asilimia 11, wewe umepoteza karibu asilimia 28 ya pesa yako. Na kama mkataba wa mkopo unasema deni lisizidi asilimia 65 ya thamani, sasa umefika asilimia 67.5, na simu ya benki inakujia hata kama hujachelewesha rejesho hata moja. Fanya hesabu hii kwa mkono. Ukiielewa hii, ya mwaka 2008 kule Marekani, mikopo ya nyumba ilipoporomoka, hutayasoma kama hadithi ya watu wa mbali.

Kuna kauli utakayoisikia sana darasani, kwamba mkopo huongeza faida. Huongeza pale tu gharama ya mkopo inapokuwa chini ya kile jengo linachoingiza. Kwenye mfano wetu, riba ikiwa asilimia 10, unalipa 75 kwa mwaka na kubaki na 25 juu ya 500 yako. Hiyo ni asilimia 5. Bila mkopo ungepata 8. Watu wazima wenye suti nzuri husaini mikopo ya namna hii kwa kutegemea bei itapanda, na wakati mwingine inapanda kweli.

Sehemu ya kuwa mkali zaidi ni bei ya kuuzia. Kwenye makadirio ya miaka mingi, mwaka wa mwisho huwa na mauzo ya kufikirika. Chukua mapato yetu ya 100 yanayokua asilimia 2 kwa mwaka, tumia kiwango cha punguzo (asilimia unayotumia kugeuza pesa ya kesho kuwa thamani ya leo) cha asilimia 10, uuze mwishoni mwa mwaka wa kumi kwa kiwango cha mtaji cha asilimia 8. Karibu nusu ya thamani yote inatokana na mauzo hayo. Ukiuza mwaka wa tano, ni karibu asilimia 69. Sasa, kwenye ule mfano wa miaka kumi, badilisha kiwango cha kuuzia kutoka 8 kuwa 7: thamani ya leo inaruka kutoka 1,250 hadi takriban 1,334, bila mpangaji mmoja kuongezeka. Ndiyo maana nikifungua faili la mtu naanzia chini kulia, siyo juu kushoto.

Kiwango cha ndani cha faida, yaani asilimia ambayo pesa uliyoweka inakua kwa mwaka, nacho mtakisifia mno. Kuweka 100 ukapata 130 baada ya mwaka ni asilimia 30. Kuweka 100 ukapata 250 baada ya miaka mitano ni kama asilimia 20. Yupi katajirika zaidi? Inategemea yule wa kwanza anaipeleka wapi pesa yake miaka minne iliyobaki, na hilo kipimo hakikuambii. Kiripoti, lakini kiweke pamoja na jumla ya pesa iliyorudi. Na kwa wanaotumia Excel: fomula ya NPV, ile ya kutafuta thamani ya leo ya pesa za mradi, inachukulia namba ya kwanza unayoipa kuwa ni ya mwisho wa mwaka wa kwanza. Pesa ya kununulia, inayotoka leo, iache nje ya mabano uitoe kando. Ukiiweka ndani, kila kitu kinasogezwa mbele mwaka mmoja na jibu linatoka dogo kuliko linavyopaswa.

Utakapofika kwenye utafiti wa mwisho, utatamani kulinganisha majengo na hisa na kuhitimisha kwamba majengo yana hatari ndogo. Pole pole. Hisa zina bei ya kila siku sokoni, lakini jengo hupewa thamani na mthamini mara moja moja, naye kwa desturi huangalia mauzo yaliyopita. Mstari wa thamani yake kwenye grafu unakuwa laini kwa sababu ya namna ulivyopimwa. Linganisha na hisa za mifuko ya majengo iliyoorodheshwa sokoni, ile ambayo Marekani iliiwekea sheria mwaka 1960, uone kuyumba kulivyo.

Masomo ya sheria ya ardhi wengi huyachukulia kama ya kupitia tu ili wapate alama. Msifanye hivyo. Hati yenye mgogoro hairekebishiki kwa kiwango chochote cha punguzo. Uhasibu, jifunzeni vya kutosha kusoma taarifa za fedha za mpangaji, maana yeye ndiye anayelipa. Na mkipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo, ombeni kukaa na watu wa usimamizi wa majengo kabla ya watu wa uwekezaji. Hakuna anayeipigania nafasi hiyo, na ndiko utakakojua lifti inaharibika mara ngapi na nani huchelewesha kodi.