Somo Anajibu: Denmark hodi inapigwa kwa kalenda

Tangu niliposema hapa kwamba nilikaa Odense miaka sita kabla ya kurudi nyumbani Lindi, barua za Denmark haziishi, wengine wana watoto wao huko, wengine wanajiandaa kwenda, wengine wapo huko huko wanaandika usiku wakiwa wamechoka. Leo nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imenigusa, mwenyewe nimepita humo humo.

SWALI: Somo habari za siku. Mi kijana wa Mikindani, nipo Aarhus nasoma, nina miezi saba sasa. Watu huku hawasalimii kabisa. Nakaa ghorofa ya tatu, jirani yangu wa mlango kwa mlango tukikutana ngazini anaangalia simu. Kwenye basi mtu anaona bora asimame kuliko kukaa na mimi. Sijaingia nyumba ya Mdenmark hata moja. Hivi huu ni ubaguzi au ndo walivyo? Nimeanza kuchoka, nikitoka chuo nalala tu.

SOMO: Mdogo wangu, pole sana. Nianze na hilo la ubaguzi maana sitaki kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, upo. Mtu akikutukana kwa rangi yako, au umeambiwa chumba kipo halafu ulipofika wakakuona kikawa hakipo, huo ni ubaguzi, andika tarehe, andika nani kasema nini, upeleke chuoni kwako. Ila jirani kuangalia simu ngazini na hiyo siti ya basi, mi nilikaa nikawaangalia wao kwa wao, na basi lao linajaa hivi: kila siti ya watu wawili anakaa mmoja kwanza, zikiisha zote ndo wa pili anaanza kuomba nafasi, na wengine wanasimama tu mpaka wanashuka. Kwao kumwacha mtu na kimya chake ndo heshima. Sisi heshima ni kumuuliza mtu hali yake na ya watoto na ya shamba, wao heshima ni kutomuingilia.

Nikupe langu. Mwaka wangu wa kwanza Idi ilipofika nikapika pilau, nikajaza sahani nikaifunika, nikaenda kugonga kwa jirani, mama wa makamo anaishi peke yake. Akafungua mlango nusu, akashtuka kweli kweli, akapokea, akasema "tak", yaani asante, mlango ukafungwa. Kesho yake asubuhi nakuta sahani mlangoni kwangu imeoshwa inang'aa, TUPU. Unajua kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, hata kama huna kitu utaweka embe mbili, utaweka hata chumvi. Nililia mdogo wangu, nikasema huyu kanidharau. Wiki tatu baadaye nakuta kikaratasi kwenye sanduku la barua, kaandika kwa mkono, anaomba nije kula chakula cha jioni kwake saa kumi na mbili kamili, na tarehe yenyewe ilikuwa mwezi mzima mbele! Nikaenda. Kawasha mishumaa meza nzima, kapika samaki kwa sababu alishaulizia mtu akaambiwa sili nguruwe, tukakaa pale mezani mpaka saa tano usiku, ananiuliza Lindi iko wapi, bahari yetu ikoje, mama yangu anaitwa nani. Ni yule yule ambaye ngazini hakuwahi kunitazama usoni. Sahani yangu aliirudisha siku ile, sio ile asubuhi.

Ndo maana nasema kule hodi inapigwa kwa kalenda. Ukiwa na hamu na mtu usiende mlangoni, mpe tarehe. Mwambie Jumamosi ijayo saa tisa karibu kahawa, akifungua simu yake akasema hiyo siwezi ila tarehe 20 naweza, usione amekukwepa, huyo amekukubali. Na saa tisa ni saa tisa, wala usiwahi robo saa maana utamkuta bado anapiga deki. Vua viatu mlangoni kama nyumbani. Mkimaliza kula sema "tak for mad", asante kwa chakula, na siku mkikutana tena, hata mwezi ukiwa umepita, anza na "tak for sidst", asante kwa siku ile tuliyokuwa pamoja. Hilo neno nililipenda sana, nikirudi huku nilikuwa natafuta la kwetu linalolingana nalo sikulipata.

Sasa utamwalika nani kama hujuani na mtu? Hapo ndo wengi mnakwama, mnasubiri urafiki uanzie barabarani, na kule barabarani hauanzii. Unaanzia kwenye chama, wenyewe wanaita forening. Katiba yao ya tarehe 5 Juni 1849 iliwapa watu haki ya kuunda vyama, na waliitumia haswa, kuna chama cha mpira, cha kwaya, cha bustani, cha kupiga kasia, hadi cha watu wanaojitupa baharini kwenye maji ya barafu wakati wa baridi. We mtoto wa Mikindani umekulia kwenye mashua, hapo Aarhus bahari ipo, nenda klabu ya makasia uwaambie unataka kujifunza yao. Nenda na maktaba kubwa ya Dokk1 pale bandarini, iliyofunguliwa 2015, uliza habari za sprogcafé, ni kijiwe cha kuzungumza Kidenmark na watu wanaojitolea. Na ukiona tangazo la fællesspisning nenda, watu wanachanga pesa kidogo wanapika na kula pamoja, ila usiende kukaa tu, ingia jikoni uoshe vyombo, maana mazungumzo yote yapo kwenye sinki. Jengo lenu likitangaza siku ya usafi usikose, ni msaragambo kabisa, mnafagia uani mnapaka rangi halafu mnachoma soseji, na baada ya siku ile yule wa mlangoni atakusalimia.

Subiri na Juni mwishoni uone. Wanaomaliza sekondari ya juu wanavaa kofia nyeupe zenye utepe, wanapanda malori yaliyofungwa matawi mabichi, honi mji mzima, lori linapita nyumbani kwa kila mmoja wao wanashuka wanapewa chakula na kinywaji wanapanda tena, mpaka usiku. Mara ya kwanza nilisimama barabarani machozi yananitoka, nikawa naona watoto wetu wanavyotoka jandoni, lile gari linavyozunguka mtaa na ngoma nyuma. Na wale wazee wakimya walikuwa madirishani wanapunga mikono. Kwa hiyo shangwe wanayo, ina siku yake na mahali pake. Hapo hapo Aarhus mwisho wa Agosti kuna Festuge, tamasha la mji tangu 1965, siku zile hata mgeni anazungumzishwa.

La mwisho, huko kulala lala usikuchukulie kawaida. Kadi yako ya njano ya afya ina jina la daktari wako, piga simu uombe miadi umwambie kama ulivyoniambia mimi. Na muulize kuhusu vitamini D, sisi wenye ngozi nyeusi jua la kule halitutoshi.

SWALI: Mwanangu somo, mimi ni bibi, nipo Mtanda hapa hapa Lindi. Binti yangu kajifungua huko Denmark, kanitumia picha mjukuu wangu kalazwa NJE kwenye kigari na baridi yote ile, mama yake yupo ndani anakunywa chai. Sijalala siku mbili. Anasema nesi kamwambia ni sawa. Nimgombeze?

SOMO: Shikamoo mama, na hongera ya mjukuu. Usimgombeze. Ndivyo wanavyolaza watoto nchi nzima, mchana mtoto analala nje kwenye kigari chake, kinaitwa barnevogn, kavalishwa sufu, kafunikwa duveti, kafungwa mkanda, na pembeni kuna kidude cha sauti mama anamsikia kule ndani. Wanaamini hewa safi inampa usingizi mrefu na afya, na baridi ikizidi nyuzi kumi chini ya sifuri ndo wanamwingiza. Hata mkahawani utakuta vigari vimepangwa nje na watoto wamo. Mwaka 1997 mama mmoja wa kule alifanya hivyo New York akakamatwa na polisi, kwao ikawa habari kubwa, walishangaa kosa liko wapi. Na huyo nesi ni wa kweli, anakuja nyumbani bila malipo kumpima mtoto na kumsikiliza mama, hilo mama mi natamani tungekuwa nalo huku hadi vijijini.

Wewe mtumie tu binti yako maneno mazuri, uzazi wa ugenini bila mama pembeni ni mzito. Mwombe akupigie video mtoto akiamka, ashike shavu umuone alivyo na joto. Akikua utamuona Februari kavaa nguo za kujigeuza anapiga pipa kwa rungu mpaka lipasuke pipi zimwagike, hiyo ni fastelavn, zamani ndani ya pipa waliweka paka mzima, siku hizi hapana.

SWALI: Dada, natokea Masasi, nimeolewa na Mdenmark, Desemba naenda Odense kwa wakwe mara ya kwanza. Mi muislamu. Krismasi yao ikoje na nile nini?

SOMO: Siku kubwa ni tarehe 24 usiku, sio 25, kwa hiyo usijiandae siku isiyo yake. Mumeo awaambie wakwe mapema kwamba nguruwe huli, asisubiri mezani. Nyumba nyingi zina nyama ya nguruwe ya kuoka yenye ngozi kavu, au bata, au vyote viwili, pamoja na viazi vya sukari iliyoungua na kabichi jekundu. Aulize na hivyo viazi na mchuzi vimepikwa kwa mafuta gani. Siku za kawaida angalia sana leverpostej, ile ya kupaka kwenye mkate mweusi, ni ini la nguruwe na ipo kila nyumba, na frikadeller, vile viduara vya nyama, uliza kwanza.

Halafu inakuja risalamande, wali wa baridi wenye krimu na lozi zilizokatwa katwa, juu yake mchuzi wa cheri. Ndani wanaficha lozi moja nzima, atakayeipata ana zawadi yake. Ukiipata WEWE usiseme, ifiche shavuni watu waendelee kula mpaka bakuli liishe, huo ndo mchezo, na mama mkwe atakupenda ukiujua. Mkishakula mnashikana mikono mnauzunguka mti mnaimba, mishumaa yenyewe ya moto inawaka kwenye matawi. Zawadi zinafunguliwa moja moja, wote wanatazama, usichane zako haraka.

Jiandae na giza. Desemba jua linachomoza saa mbili na nusu imepita na kabla ya saa kumi limeshazama, ndo sababu ya mishumaa yote ile. Tarehe 31 saa kumi na mbili jioni watu wanakaa kimya kwenye tivii kusikiliza hotuba ya mfalme. Malkia Margrethe alitangaza kwenye hotuba hiyo mwaka 2023 kwamba anaachia kiti, na tarehe 14 Januari 2024, miaka 52 kamili tangu ashike, akaingia mwanae Frederik wa kumi. Saa sita usiku ikigonga wanaruka kutoka juu ya viti kuingia mwaka mpya. Panda na wewe, shikilia mkono wa mumeo.

SWALI: Nimeona picha, eti Denmark wanachoma mchawi moto Juni? Nipo Kilwa Masoko.

SOMO: Ni mdoli wa matambara na majani makavu, usiku wa tarehe 23 Juni, sankthansaften, ufukweni au ziwani, watu wanaimba pamoja na jua halitaki kuzama. Wimbo mzuri, moto mzuri. Mdoli ndo mi sikuupenda, nilikuwa naondoka kabla haujashika. Karne ya 17 walichoma wanawake wa kweli, sheria yao ya 1617 dhidi ya uchawi ndo iliyozidisha moto, na wa mwisho kuuawa kwa hukumu alikuwa Anne Palles mwaka 1693. Mdoli wenyewe ulianza kuwekwa baadaye sana, kwenye miaka ya 1900 hivi. Wapo Wadenmark wanaosema uondolewe moto ubaki, mi nipo nao, maana huku kwetu bado kuna bibi anaogopa macho yake mekundu.

SWALI: Nipo Tandahimba, naenda kumtembelea dada yangu Copenhagen. Nibebe nini?

SOMO: Korosho mdogo wangu, zilizobanguliwa na kukaangwa, funga kilo moja moja ugawe kwa majirani wa dada yako. Kinyago kidogo cha mpingo pia. Nyama usibebe hata ya kukausha, wala maziwa wala jibini, Umoja wa Ulaya wamekataza kwenye mizigo ya abiria. Embe na mapera hayapiti bila cheti cha mimea, ila nanasi, nazi, ndizi na tende hazidaiwi cheti. Samaki wanaruhusu mpaka kilo 20, kwa hiyo ng'onda na dagaa mpelekee, ila funga mifuko mitatu uweke katikati ya nguo nzito, maana mwenye siti jirani hatakwambia kitu safari nzima lakini atakuwa anasikia.