Usiiache The Vampire Diaries kabla ya msimu wa pili
Dada, umeuliza kama uendelee na tamthilia hii ya Marekani ya vampaya (wafu wanyonya damu), maana msimu wa kwanza umekuchosha kwa mapenzi ya shuleni. Endelea. Msimu wa pili, ulioanza Septemba 2010, hauna subira: kipindi cha kwanza tu vampaya Katherine anamziba pumzi kwa mto Caroline, mwanafunzi wa shule ile, naye Caroline, kwa kuwa alishanyweshwa damu ya vampaya Damon, anazinduka akiwa vampaya. Yule msichana wa maringo (hata mimi alinichosha) ndiye utakayempenda kuliko wote. Kisha Tyler, mwanafunzi mwenzake, anageuka mbwamwitu, na anaingia Elijah, adui mwenye adabu zake. Klaus, adui mkubwa zaidi, anatajwa kwa hofu tu mpaka karibu na mwisho. Kumsubiri huko ndiko kunakonogesha. Ni vipindi 22, basi usianze usiku wa kuamkia siku ya kazi.