Kiwashe kabla hakijapanda kontena

Cherehani ile ilikuwa ya umeme, nyeupe, na nilimnunulia mama yangu, ambaye anashona madera na sare za shule nyumbani kwake Ngamiani, Tanga. Wakati huo nilikuwa mwaka wa tatu Hamburg, Ujerumani. Niliiagiza mtandaoni kwenye duka moja kubwa la vifaa vya nyumbani kwa euro 189, ikaletwa hadi mlangoni Januari 2024. Sikuifungua. Boksi lilikuwa zuri, lina picha, lina utepe wa kiwandani, na nilitaka mama aukate utepe ule kwa mkono wake. Nikaliweka nyuma ya mlango, likakaa wiki tano likisubiri kontena lijae.

Ninaandika haya kwa sababu ya zile wiki tano. Nimerudi Tanga sasa, na karibu kila mwezi napigiwa simu na ndugu au jirani aliye nje: kanunua friji, simu, pasi au televisheni ya kutuma nyumbani, kitu kimefika kibovu, afanyeje? Swali langu la kwanza ni moja: ulikiwasha kabla ya kukifunga? Mara nyingi kimya kinachofuata ndicho jibu.

Kontena letu liliondoka Februari. Ni kipindi ambacho meli nyingi zilikuwa zimeacha kupita Bahari ya Shamu kwa kuogopa mashambulizi, zikawa zinazunguka bara zima kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Mzigo ukafika Dar es Salaam mwezi wa tano, ukakaa bandarini hadi ukatolewa, ukapakiwa kwenye lori, na mama akafungua boksi lake mwezi wa sita, mimi nikimwangalia kwenye simu.

Plagi ya Ujerumani ina pini mbili nene za duara. Soketi ya mama ina matundu matatu. Umeme wenyewe hauna tatizo, kote ni volti 230, lakini plagi haiingii. Mama akamwita kijana wa mtaani anayetengeneza redio, akaikata ile plagi, akafunga ya pini tatu. Taa ndogo juu ya sindano ikawaka, tukashangilia. Mama akakanyaga pedali. Mota ikavuma, sindano haikushuka. Akalizungusha gurudumu la mkono, likazunguka jepesi, kama vile halijashika kitu chochote ndani.

"Mwanangu, haishoni," akasema, taratibu, kwa namna ya mtu asiyetaka kumuumiza aliyempa.

Hapo ndipo nilipoanza kuisoma sheria, wakati nilipaswa kuisoma Januari. Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba sisi tulio nje tunachanganya haki mbili ambazo hazifanani.

Haki ya kwanza ni ya kubadili mawazo. Ukinunua mtandaoni au kwa simu katika nchi za Umoja wa Ulaya, una siku 14 tangu siku unayopokea mzigo kusema sikitaki, bila kutoa sababu yoyote. Ukishasema, una siku 14 nyingine za kukirudisha. Muuzaji anatakiwa akurudishie pesa ndani ya siku 14, pamoja na ile nauli ya kawaida aliyokutoza kukuletea, ingawa anaweza kuizuia hadi akipate kitu chake au uthibitisho kwamba umeshakituma. Gharama ya kukirudisha inaweza kuwa yako kama alikuambia mapema. Uingereza nayo ina utaratibu huo huo wa siku 14. Vipo visivyorudishwa: nguo uliyoshonewa kwa vipimo vyako, chakula kinachoharibika, au kitu cha usafi wa mwili ambacho umeshafungua lakiri yake.

Lakini ukiingia dukani mwenyewe, ukakigusa, ukakilipia na kuondoka nacho, haki hiyo huna, si Ujerumani wala si Uingereza. Hapa watu wengi hunibishia. Wameona wenzao wakirudisha viatu na makoti bila kuulizwa, wakaamini ni sheria. Ule ni utaratibu wa duka lenyewe, na kila duka lina masharti yake: siku ngapi, lebo iwepo, risiti iwepo, unapewa pesa au vocha. Soma nyuma ya risiti kabla hujaondoka kaunta. Niliwahi kumnunulia mjomba wangu wa Makorora viatu dukani, vikambana, na duka likanikatalia kwa sababu siku zake zilikuwa zimepita. Halikuwa na kosa.

Haki ya pili ni ya kitu kibovu, na hii ni nzito zaidi, haijali ulinunua dukani au mtandaoni. Katika Umoja wa Ulaya muuzaji anawajibika kwa kasoro kwa miaka miwili. Ujerumani, tangu Januari 2022, kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 12 ya kwanza inachukuliwa kuwa ilikuwepo tangu ulipokipokea kitu. Anayedai vinginevyo ni juu yake kuthibitisha. Unachagua kitengenezwe au kibadilishwe. Wakishindwa, ndipo unadai pesa yako, yote au sehemu. Na kwa kitu kibovu, boksi la asili si sharti, hata wakikuambia ni sharti.

Wajerumani wana maneno mawili hapa, na wewe uliyeko kule uyashike: Gewährleistung na Garantie. La kwanza ni haki unayopewa na sheria, na anayekuwajibikia ni muuzaji. La pili ni ahadi ya hiari, mara nyingi ya kiwanda, yenye masharti yake. Ukifika kaunta wakakuambia "wapigie kiwandani", wanakutoa kwenye la kwanza wakupeleke kwenye la pili. Usitoke. Sema neno la kwanza, kwa utulivu, na usimame pale.

Sasa utauliza, kama cherehani ilifunguliwa miezi mitano tangu niipokee, na sheria inanipa miezi 12, mbona nilipoteza? Haki ya kubadili mawazo ilikuwa imekufa nyuma ya mlango wangu, siku ya kumi na tano, boksi likiwa bado lina utepe. Saa haianzi kuhesabu siku mama anapofungua. Huanza siku mzigo unapofika mikononi mwako kule. Haki ya kasoro nilikuwa nayo bado, lakini cherehani ilikuwa Ngamiani na muuzaji yuko Ujerumani. Waliniambia niilete waikague, na maombi hayo yalikuwa halali. Kuirudisha kwa ndege kungenigharimu kuliko bei yake. Muuzaji anabeba gharama za kutengeneza, lakini sheria inamruhusu kukataa gharama zilizopita kiasi. Kisha wakaomba picha, nikatuma, na kwenye picha kuna waya uliokatwa na plagi ngeni. Kuanzia hapo hawakuzungumza tena habari ya sindano. Kila barua pepe ilikuwa ni plagi, plagi, plagi. Nilijua plagi haiwezi kuizuia sindano kushuka, lakini nilikuwa nimewapa cha kushika. Wiki sita za kuandikiana, nikaishia hapo.

Kwa hiyo plagi ya kitu kipya usiikate. Nunua adapta imara yenye fyuzi, uiweke ndani ya boksi hilo hilo ukiwa bado kule, na mwambie mpokeaji kwa maneno ya wazi kwamba waya usiguswe hadi kitu kithibitike kinafanya kazi.

Fundi wa Barabara ya 12 ndiye aliyeifungua mwishowe. Mkanda mdogo wa mpira ulikuwa umeruka nje ya gurudumu lake na gia moja ya plastiki imelika meno. Akatafuta vya kufanana navyo, akamtoza mama shilingi 35,000. Inashona hadi leo, ila ina mlio, na mama akishona usiku hufunga dirisha kwa ajili ya majirani. Mlio ule unaniuma kila nikilala pale.

Kuna jambo jingine linalotukosesha haki zetu, nalo ni malezi. Tumekulia kwenye maduka yenye karatasi ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Mtu anayerudisha kitu anaonekana mgomvi, au hana pesa, au amekiharibu mwenyewe. Tunasafiri na aibu hiyo. Tukifika ugenini tunaiongezea woga wa lugha na woga wa makaratasi, kana kwamba kudai blenda nzima kutaharibu kibali cha kuishi. Nilikaa na blenda inayovuja wiki tatu, naweka kitambaa chini yake, kabla ya kuipeleka. Nilipofika kaunta dada yule akanipa vocha. Nikamwambia sihitaji vocha, nahitaji blenda isiyovuja. Akaleta nyingine, ikavuja vilevile siku ya pili, nikarudi, na safari hiyo nikadai pesa na nikapewa. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi wala kibali changu kinaisha lini. Haki ya mlaji haiangalii pasipoti. Mwanafunzi, mfanyakazi, anayesubiri hifadhi, wote ni wanunuzi sawa mbele ya kaunta ile.

Tunza ushahidi. Risiti za mashine huchapwa kwenye karatasi ya joto, na kwa joto la Tanga ndani ya miezi michache unabaki na karatasi nyeupe tupu. Ipige picha siku ile ile. Ikipotea, taarifa ya benki inayoonyesha umelipa nayo ni ushahidi, ndiyo maana nawaambia wadogo zangu walipe kwa kadi na si taslimu. Lalamiko lako liwe la maandishi, lenye tarehe. Na ukikwama Ujerumani, kila jimbo lina ofisi za ushauri kwa walaji zinazoitwa Verbraucherzentrale. Uingereza kuna Citizens Advice, na ushauri wake ni bure.

Vitu vya mtumba vinataka moyo mwingine, na najua ndivyo vinavyojaza makontena yetu. Ukinunua kwa mfanyabiashara, bado una haki ya kasoro, ingawa Ujerumani anaweza kuifupisha hadi mwaka mmoja mkikubaliana. Ukinunua friji kwa mtu binafsi aliyeitangaza mtandaoni, Ujerumani ataandika sentensi moja tu kwamba hatoi dhamana, na sentensi hiyo inamlinda, mradi hajakudanganya. Hapo kinga yako ni macho yako. Ikute friji ikiwa inawaka, ikae nusu saa, ufungue friza utie mkono.

Na nyumbani? Ile karatasi ya ukutani haifuti sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomlinda mlaji na kusimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa. Kitu kilichouzwa kiwe kinafaa kwa kazi yake. Anayekuuzia pasi isiyopata moto hawezi kujificha nyuma ya karatasi aliyoibandika mwenyewe. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hata kama ni pasi ya elfu ishirini, maana bila risiti utaanzia wapi?

Mwezi uliopita mdogo wangu wa kiume aliye Leicester alinipigia. Amenunua cherehani ya pili ya mama, nzito zaidi, ya kushona jinzi, kwa kadi ya mkopo. Nikamwambia Uingereza amebahatika: Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inampa siku 30 za kukirudisha kitu kibovu na kuchukua pesa yake yote bila kusubiri kitengenezwe. Zikipita, muuzaji anapewa nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, na ndani ya miezi sita kasoro inahesabiwa ya muuzaji hadi athibitishe vingine. Kwa kuwa kalipa kwa kadi ya mkopo na bei imezidi pauni 100, sheria ya mikopo ya 1974 inaifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji, hata duka likifilisika. Na plagi yao ni hii hii yetu ya pini tatu.

"Lakini kaka, nikifungua boksi si litakuwa limeshachakaa?" akaniuliza.

Nikamwambia alifungue leo hii. Jioni akanitumia video. Ameiweka juu ya meza ya jikoni, boksi limelala sakafuni, na anashona kipande cha kanga ya zamani ya mama aliyoondoka nayo Tanga. Anakunja mara nne kitambaa, anakanyaga, sindano inapita. Mshono umepinda kwa sababu hajui kushona, lakini hakuna uzi uliokatika. Akaiacha iende dakika kumi, akanionyesha namba ya nyuma ya mashine na risiti ubavuni mwake. Kisha akaifunga upya na gundi ya karatasi, na kipande kile cha kanga akakiacha chini ya mguu wa sindano, mama akikute.