Kwa nini sayansi ya nyuso iko chini ya watu wa ombwe

Ndugu, umeuliza kwa nini chama cha ombwe (nafasi iliyotolewa hewa) cha Marekani, kilichoanza 1953, kina kitengo cha sayansi ya nyuso, yaani nyuso za vitu kama chuma. Sababu ni uchafu. Kwa mgandamizo wa tori 10⁻⁶ (tori ni kipimo cha mgandamizo; hewa ya usawa wa bahari ni 760), molekuli za hewa iliyobaki zikinata zote, uso safi wa chuma hufunikwa tabaka zima kwa sekunde 1 hivi. Ukishuka hadi 10⁻¹⁰, unapata karibu saa 3 za kupima. Geji (kipima mgandamizo) ya Bayard na Alpert, iliyoweza kusoma udogo huo, ilikuja 1950.

Hewa nyepesi ya Mbeya (tori 620 hivi) haikupunguzii kazi ya kutoa hewa. Mkaidi ni mvuke wa maji ulionata kwenye kuta za chemba (chombo kinachotolewa hewa): usipoipasha chemba nyuzi 150 za Selsiasi mchana na usiku, pampu itahangaika bure.